Kitana cha Aikande

Jina la kampuni sitalitaja. Si kwa woga. Nilishawahi kuwa dalali wao wa bure mara moja, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watakaosema kwamba mzee wa umri wangu angemwachia Mungu, wajue nimeshamwachia mengi. Hili nimebaki nalo mwenyewe na bado linanichoma.

Mimi ni Ebenezeri, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa huku Kirua Vunjo. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikiendesha mnada wa Jumapili. Asiyeujua nimweleze kwa kifupi. Kwetu mtu huleta sadaka ya kile alichojaliwa na shamba: mkungu wa ndizi, jogoo, bakuli la mayai, ndoo ya parachichi. Ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Wanakusanyika uwanjani, mimi nasimama kwenye ngazi za mlango nanadi kimoja kimoja, na anayepanda juu kuliko wenzake ndiye anayekwenda nacho nyumbani. Kazi hiyo haihitaji akili nyingi. Inahitaji mdomo, na Mungu alinipa mmoja wa kazi na mwingine wa akiba.

Habari yenyewe ni ya Aikande, binti wa marehemu mzee Eliakim. Eliakim alikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, na wakati kahawa ilipokuwa bado inasomesha watoto, majirani walipanga foleni kwake msimu mzima. Aikande alikuwa na miaka tisa alipoifungua ngoma ya ile mashine ili aone ndani kuna nini. Baba yake alimchapa. Kesho yake mashine ikagoma, fundi akakosekana, na Eliakim akamwita binti yake na kumkabidhi spana. Mwaka ule nilikuwa namfundisha darasa la tatu. Hakuwa msemaji. Ukimuuliza swali alikuwa anachora jibu.

Alimaliza la saba akiwa wa pili shuleni. Nyumbani kulikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu sekondari, na nafasi hiyo ikaenda kwa kaka yake, ambaye alikuwa wa thelathini na moja. Mimi nilikuwepo siku wanaamua, nikanywa pombe yao ya mbege, nikanyamaza. Nalitaja hilo kwa sababu katika habari hii nimekosa mara mbili, na mara ya kwanza nilikosa kwa kufunga mdomo.

Akaolewa na Sifael, dereva wa malori ya Holili, kule mpakani, mtu mpole mwenye kicheko kikubwa. Wanawake wenzake walikuwa wakiomba waume zao seti ya makochi. Aikande aliomba mashine ya kuchomelea. Sifael akaitafuta ng'ambo ya mpaka, akaipata iliyotumika, akaileta imefunikwa kwa blanketi, na kijiji kizima kikacheka. Walimpa jina la Mama Cheche. Alichomelea milango, mageti, mabomba ya mfereji, vitanda vya shule. Sifael alipofariki, miaka saba sasa, hakurudi kwao wala hakuuza mashine. Alibaki na binti yake Hellen, ng'ombe wawili, na banda la kazi lisilo na mlango, pale pembeni mwa kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba. Mtu yeyote aliyepita aliweza kuingia, akaketi juu ya ndoo, akamtazama anavyofanya kazi. Mimi niliketi sana juu ya ile ndoo.

Sasa, anayefuga huku mlimani anajua taabu ya majani. Ng'ombe wetu hawatoki zizini, chakula kinawafuata. Kiangazi wanawake wanashuka tambarare na kupanda na mizigo ya nyasi kichwani hadi shingo zinaingia mabegani, na nyasi zikikosekana tunawakatia ng'ombe vigogo vya migomba. Kigogo cha mgomba kina maji mno. Ng'ombe akila sana anaharisha, maziwa yanapungua. Mashine za kukatia zinazouzwa mjini zinashindwa, kwa sababu mgomba una nyuzi, na nyuzi zinajizungusha kwenye mhimili mpaka mashine inakaba. Kila mwenye mashine ya namna hiyo ameiweka nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani.

Aikande alihangaika na jambo hilo miaka mitatu. Alichukua ngoma ya mashine ya baba yake, akaifunga visu, akaweka chini bomba la kukamulia maji. Nyuzi zikakaba. Akabadilisha visu, zikakaba. Jumamosi moja alikuwa kwa jirani yake Hilda, anamwona anamchana mtoto nywele kwa ajili ya kanisani. Mtoto analia. Hilda akaacha kuvuta kutoka kwenye ngozi, akaanza kuchana kutoka ncha, kidogo kidogo kurudi nyuma, mtoto akanyamaza. Aikande aliinuka bila kuaga. Alikata vipande vya springi ya gari, akatengeneza kitana cha chuma, akakifunga kandokando ya ngoma kikienda kinyume na mzunguko wake, kizianzie nyuzi kwenye ncha. Alipozungusha mpini, nyuzi zilichomoka zenyewe zikaanguka chini, safi, kama zimesukwa. Nilikuwa juu ya ndoo. Niliiona kwa macho yangu, na nikalia, sioni haya kusema.

Mashine ile haikutumia umeme wala mafuta. Chakula kilitoka kikiwa kimekamuliwa, maji ya mgomba yakaingia kwenye ndoo yakaenda kwenye miche ya kahawa, na nyuzi wanawake wakazichukua kufungia mikungu. Hakuna kilichotupwa.

Alitengeneza ya majaribio kwa ajili yake, kisha akatengeneza ya kwanza nzuri, iliyonyooka, iliyopakwa rangi. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo labda ni sisi tu tungelifanya. Hakuiuza, wala hakwenda kuuliza ofisi yoyote. Sikukuu ya mavuno ilikuwa imekaribia, na kwetu mazao ya kwanza ya kazi ya mikono hayawi ya mwenyewe. Ni malimbuko. Wengine wanaleta debe la kwanza la mahindi, yeye alileta mashine ya kwanza. Waliibeba watu wanne wakaiweka mbele ya madhabahu katikati ya maboga.

Nilipoinadi uwanjani niliona watu wanasita. Hawakuielewa. Mimi na mdomo wangu nikaamua kuwaelewesha. Nilileta kigogo, nikazungusha mpini, watu wakapiga makofi. Hapo kijana mmoja wa shati jeupe akanyoosha mkono. Alikuwa Ronald, mjukuu wa bibi Martha, amekuja kumsalimia bibi yake kutoka mjini, ambako alikuwa afisa ubunifu wa kampuni ya zana za kilimo. Akaniuliza kwa heshima kabisa, shikamoo mwalimu, mbona nyuzi hazikabi.

Nilifungua kifuniko. Nilikishika kile kitana kwa mkono, nikaeleza kinavyokwenda kinyume, nikaeleza mambo ya springi ya gari, nikaeleza hata pembe ya meno, ambayo Aikande alikuwa ameniambia siku moja nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Ronald alikuwa ameinua simu, anarekodi. Na Aikande, kwenye kundi la kina mama, alisimama. Alifungua mdomo, kisha akaufunga, akaketi. Nitalirudia jambo hilo baadaye, kwa kuwa ndilo linaloninyima usingizi.

Ronald alipanda bei hadi wengine wakaacha. Kanisa zima lilimshangilia. Mchungaji akamwombea baraka, na mimi mwenyewe nilisaidia kuipakia mashine kwenye pikapu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini hawakusema kwamba wakati mwingine unakifungia mzigo na kukipungia mkono.

Mwaka na miezi kadhaa ikapita. Aikande alikuwa ameshatengeneza mashine kumi na moja, kila moja kwa agizo la mtu, na alikuwa akipanga kufungua karakana Shirimatunda, karibu na mji, aajiri wasichana wawili wa kuchomelea. Kisha Hilda alitoka kwenye maonyesho ya wakulima mjini akiwa amevimba kwa hasira, akatuambia twende tukaone wenyewe.

Tulikwenda. Ilikuwa imewekwa juu ya zulia, imepakwa rangi ya kijani, ina mota ndogo na nembo. Ndani ni ile ile. Hata ile bolti moja ambayo Aikande aliipinda kwa kukosa ya saizi, wao nao waliipinda. Binti mmoja aliyevaa fulana ya kampuni akaanza kumweleza Aikande jinsi kitana kinavyofanya kazi, tena akamwonya: mama, usiweke mkono hapo, ni hatari. Aikande alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru.

Mimi nilichukua kijitabu chao. Kilisema mashine imebuniwa na timu ya wataalamu wa kampuni baada ya utafiti wa kina, na imepata tuzo ya ubunifu endelevu unaomjali mwanamke wa kijijini. Neno endelevu lilikuwamo mara tisa katika kurasa nne. Nilifundisha hesabu, najua kuhesabu. Jina la aliyeibuni nililihesabu pia nikapata sifuri. Mwanamke wa kijijini alikuwa amesimama pale pale mbele ya zulia lao, mikono imejaa makovu ya cheche, na hawakuwa na habari naye. Nilitaka kuipindua ile meza. Hilda alinishika koti.

Nilidhani hayo ndiyo matusi yote. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya mwanasheria. Ilimtaka Aikande aache mara moja kutengeneza au kuuza kifaa chochote chenye kitana cha kuondolea nyuzi, kwa kuwa kampuni imekwisha kuomba hataza, yaani hati ya kumpa mbunifu haki ya ubunifu wake peke yake. Aisome mara ngapi mtu barua kama hiyo? Mwizi amekuja kukukataza kuingia nyumbani kwako. Kuna waliomwambia amshukuru Mungu kwamba walau wazo lake limefika mbali. Hao nao niliwajibu, na baadhi yao hatusalimiani mpaka leo.

Tulishuka Moshi kumwona wakili. Anaitwa Pamela, binti mdogo mwenye ofisi juu ya duka la mbolea, na alitusikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea. Aliuliza tarehe ya mnada, akaandika. Akauliza tumefika lini ofisi ya usajili. Tukamwambia hatujafika. Aliweka kalamu chini.

Alitueleza kwamba mbele ya sheria ubunifu hulindwa ukiwa mpya, na upya unakoma pale unapowekwa wazi kwa watu kabla ya kuombewa hati. Mbunifu huachiwa muda mfupi wa kujirekebisha, na muda wetu ulikuwa umepita zamani. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja huku nimeinamisha kichwa: siku ile, nani alifungua na kueleza?

"Ilionyeshwa kanisani," alisema Aikande. Hakunitazama. Hakutaja jina. Mdomo uliponza kichwa, lakini kilichoponzwa hakikuwa kichwa changu, na mwenye kichwa akanisitiri mbele ya mgeni.

Pamela alisema kuna upande wa pili. Kampuni nayo iliomba miezi tisa baada ya ule mnada. Kama kanisa zima liliiona mashine kabla yao, na aliyeitengeneza anajulikana, ombi lao halina miguu. Lakini, akamwambia Aikande kwa upole, hiyo haitamaanisha kwamba wewe utapewa hati. Utapata haki ya kuendelea kuitengeneza, na mtu mwingine yeyote pia ataipata, hata wao. Hatutazuia waitengeneze, tutazuia wakuzuie.

Tulipanda gari la kurudi. Angalau mara mbili nilimwona Aikande anachora kwa kidole juu ya paja.

Kabla hajaamua, Ronald alikuja kwangu. Alikuja na kilo za sukari na maneno laini. Kampuni inasikitika kwa kutoelewana, alisema. Iko tayari kumtambua Aikande kama mshauri wa jamii, jina lake litaandikwa kwenye kijitabu, na atapewa mashine moja bure. Nilimuuliza kama amesikia alichokisema: kumpa Aikande mashine ya Aikande. Hakutikisika. Akaongeza kwamba wamesikia paa la kanisa letu linavuja, na kampuni inaweza kusaidia mabati. Kilichotakiwa ni Aikande kusaini makubaliano. Nilivaa miwani nikayasoma. Anaacha kutengeneza. Na kifungu cha sita kilisema kwamba yeye na mashahidi wake hawatazungumzia popote maonyesho ya awali ya kifaa hicho yaliyofanyika kanisani, na tarehe yake ikatajwa.

"Mzee, ukimpelekea wewe hatakataa," Ronald aliniambia. "Wewe ni mwalimu wake. Mpelekee na isale."

Isale ni mmea mnaouona kwenye mipaka ya vihamba vyetu vyote, wenye majani marefu ya kijani. Mchagga aliyemkosea mwenzake hukata jani la isale, akalipiga fundo, akaenda nalo au akamtuma mtu mzima anayeheshimika. Anayepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Ndugu waliokatana mapanga walipatanishwa nalo. Kijana yule alikuwa amesahau lugha ya bibi yake na mambo mengine yote, lakini hilo alilikumbuka, kwa sababu lilikuwa na faida. Akainuka, akaenda kwenye ua wangu, akachuma isale langu mwenyewe, akaja kuniwekea mkononi juu ya ile karatasi. Hata fundo hakujua kulipiga.

Nikiwa kijana ningempiga. Nilimwambia tu kwamba nimemsikia, na akaenda zake akifikiri tumeelewana. Isale lake nilimtupia mbuzi. Mbuzi akalinusa akaliacha. Sukari nilimpelekea bibi Martha, kwa kuwa bibi hana kosa.

Lakini niseme kweli, yale maneno yalikuwa yamenipata mahali. Mwenye deni la isale kwa Aikande hakuwa Ronald peke yake. Nilikuwa nimepiga kelele kila mahali kuhusu wezi, kwenye kilabu, kwenye mikutano ya jumuiya, njiani, na katika kelele zote hizo sikuwahi hata mara moja kutaja nani alifungua kifuniko. Hasira ni blanketi zuri. Nilikuwa nimejifunika mwaka na nusu.

Asubuhi nilikata isale lingine, nikalipiga fundo vizuri kama baba alivyonifundisha, nikaenda. Aikande alikuwa bandani anachomelea geti. Aliponiona na lile jani alizima mashine, akavua kinga ya uso, akaniamkia kama siku zote. Nikaitikia. Kisha akalitazama isale muda mrefu, na usoni mwake nikaona anadhani nimetumwa na anajiandaa kushindwa, maana alijua, kama mimi nilivyojua, kwamba hawezi kulikataa.

"La nani hilo?" aliuliza.

"Langu."

Hakunyoosha mkono. Kwa mila anayeomba lazima alitaje kosa, na alikuwa ananisubiri. Nikamwambia kwamba siku ya mavuno nilifungua kifuniko kisicho changu, nikatoa siri niliyopewa juu ya ndoo kama mgeni wa nyumba.

"Nilisimama, mwalimu," alisema. "Uliniona nimesimama?"

Ningeweza kusema uwanja ulikuwa na watu wengi. Ningeweza kusema jua lilikuwa machoni. "Nilikuona," nikamwambia. "Nilikuona, na watu walikuwa wananishangilia, nikaendelea."

Machozi yalimtoka, lakini si ya huruma. Alikasirika. Aliniambia kwamba ametukanwa na kampuni, amecheka nao wenye kumcheka, lakini kilichomuuma kila siku ni kuniona mimi nikizunguka kijijini nikipigania haki yake kwa sauti kubwa wakati sijamwambia neno hilo moja. Alisema amelingoja tangu jioni ile ya mnada. Nilisimama nikasikiliza yote, sikujitetea, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kisha akalipokea isale kwa mikono miwili, akalichomeka kwenye nguzo ya banda.

Baada ya hapo ndipo nilipompa karatasi ya Ronald na kumweleza yote, hata mabati. Aliisoma. Alipofika kifungu cha sita aliinua macho, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi nikamwona anacheka. Wao wenyewe, alisema, wameandika kwamba ilionyeshwa kanisani, na tarehe wameweka.

"Hii ni ya Pamela," alisema, akaikunja. "Nikisema ilionyeshwa, sitapewa. Nikinyamaza, watapewa wao. Basi tuseme."

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi wakati wa matangazo. Sikunadi kitu siku hiyo. Nilieleza mbele ya usharika nilichofanya, nikaeleza kifungu cha sita, nikaeleza na mabati, kisha nikasema kwamba kila aliyeiona mashine siku ile na ana roho ya kusema ukweli aje asaini. Paa lilikuwa linavuja wakati huo huo, nawaapia, ndoo iko katikati ya viti. Nilisaini wa kwanza. Aliyenifuata, kwa mkongojo wake, bila kuitwa na mtu, alikuwa bibi Martha. Hajui kuandika. Aliweka dole gumba, akalikandamiza kwa nguvu, akauliza kwa Kichagga mjukuu wake atamwambia nini Krismasi. Baada yake hawakuhesabika. Tulikosa wino.

Miezi mitano baadaye kampuni iliondoa ombi lake na kuifuta ile barua. Walieleza kwamba wanafanya hivyo bila kukiri kosa lolote, kwa ajili ya ujirani mwema. Ujirani mwema. Ronald hakuja, wala kampuni haikuomba radhi, wala tuzo haikurudishwa, na mashine ya kijani bado inauzwa mjini na kijitabu chao bado ni kile kile. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema haki ilitendeka nanyanyuka nikaondoka. Aikande aliruhusiwa kufanya kazi ya mikono yake. Hiyo mtu hapaswi kuishindania.

Anaendelea kutengeneza. Karakana ya Shirimatunda imefunguliwa, Hellen na msichana mwingine wako huko. Na kuna kitu kingine anachokitengeneza, kipya, hapa hapa kijijini. Kwenye mavuno ya mwaka huu malimbuko yake yalikuwa mkungu wa ndizi mshare, na nikaunadi kwa maneno machache sana hadi watu wakauliza kama naumwa. Michoro ya hicho kitu kipya iko kwa Pamela ndani ya bahasha iliyofungwa, ombi limeshapelekwa na majibu hayajarudi. Wakulima wananiuliza kikoje, kwa kuwa wananijua. Sijui, nawaambia, na ni kweli.

Lile banda lake ambalo halikuwahi kuwa na mlango sasa lina mlango wa chuma na kufuli. Aliuchomelea mwenyewe. Ndoo ameiacha nje, imegeuzwa, pembeni ya nguzo yenye isale lililokauka. Napita pale kila asubuhi nikienda kukata majani, nasikia kitu kinazunguka ndani, kinasimama, kinazunguka tena. Aikande akisikia hatua zangu huniamkia kutoka ndani. Naitikia marahaba, na sigongi.